Tuni za Dvořák, Beethoven na Brahms kwa kinanda cha mdomo: mwongozo kwa wanakwaya wa Kilimatinde

Mwanakwaya wa Kilimatinde anayesoma do re mi kwenye karatasi ya nota ana nusu ya kazi tayari mkononi. Nusu iliyobaki ni kujua tundu lipi la kinanda cha mdomo linatoa do, lipi linatoa re, na wapi pa kuvuta pumzi. Akishayajua hayo anaweza kupiga tuni za watunzi wakubwa wa Ulaya bila umeme na bila kinanda cha kanisani, kwa chombo kinachokaa mfuko wa shati. Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa mwanafunzi wa uuguzi anayekaa bweni, kwa mwalimu wa shule, na kwa mstaafu mwenye jioni ndefu.

Kanuni yangu ni moja: imba kwanza, kisha puliza. Anayeanza na namba za matundu kabla tuni haijamkaa kooni hucheza noti mojamoja zisizoungana, na muziki wa klasiki ukikatwakatwa hivyo hupoteza uhai. Mwanakwaya tayari amefundishwa wapi sentensi ya muziki inaanza, wapi inapanda, wapi inapumzika. Ujuzi huo ndio mgumu kupatikana, na kwaya zetu zinao.

Chombo na aina zake

Ndani ya kinanda cha mdomo kuna vilimi vyembamba vya shaba, kila kimoja kimefungwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Hewa ikipita, kilimi kinatetemeka na kutoa sauti yake. Kodiani hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, na vivyo hivyo vile vinanda vya kukanyaga kwa miguu vilivyokuwa katika makanisa mengi ya misheni. China walikuwa na chombo cha vilimi huru, sheng, karne nyingi kabla ya Ulaya. Kinanda cha mdomo tunachokijua kilitengenezwa Ulaya katika karne ya 19, na mtu aliyekieneza duniani kuliko wengine ni Matthias Hohner, aliyeanza kazi mjini Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857.

Ukienda kununua, Manyoni au Dodoma, utakutana na aina tatu. Ya kwanza ina safu moja ya matundu 10. Hii huitwa dayatoniki. Ya pili ina matundu mengi yaliyopangwa safu mbili, juu na chini, na sauti yake inatetemeka kwa sababu vilimi viwili vinalia pamoja, kimoja kikiwa juu kidogo ya mwenzake. Hiyo ndiyo tremolo. Ni tamu kwa nyimbo za polepole, ila mpangilio wa matundu yake ni tofauti, na maelekezo ya hapa chini hayatalingana nayo. Ya tatu ina kitufe ubavuni. Hiyo ni kromatiki, nitairudia baadaye kwa sababu ndiyo inayopigwa kwenye majukwaa ya okestra.

Anza na dayatoniki ya matundu 10 yenye herufi C. Kabla ya kulipa, omba muuzaji akijaribu mbele yako kila tundu, kupuliza na kuvuta. Sauti 20 zote zilie bila kukwaruza na bila kuhitaji nguvu nyingi. Kinanda kinachovujisha hewa kitakuchosha mapafu, nawe utadhani kosa ni lako. Vile vya kuchezea watoto, vyenye mwili wa plastiki nyepesi, usinunue hata kama bei inavutia.

Ramani ya sauti

Shika kinanda kwa mkono wa kushoto, namba zikiwa juu, sauti nene upande wa kushoto. Bana midomo kama mtu anayepiga mluzi ili hewa iingie tundu moja tu. Pumzi itoke tumboni, ileile mwalimu wa kwaya anayoidai kila siku ya mazoezi. Usipulize kwa nguvu. Kilimi cha shaba kinachosukumwa kila mara huchoka, hushuka sauti, na mwisho hukatika.

Mlolongo kamili wa sauti uko katikati, tundu la 4 hadi la 7. Tundu la 4 ukipuliza ni do, ukivuta ni re. La 5 ukipuliza ni mi, ukivuta ni fa. La 6 ukipuliza ni so, ukivuta ni la. Mpaka hapo utaratibu ni mmoja: puliza, vuta, puliza, vuta. Tundu la 7 linageuza mambo. Hapo unavuta kwanza kupata ti, kisha unapuliza kupata do ya juu. Kwa hiyo la na ti zinafuatana zote kwa kuvuta. Karibu kila anayeanza hujikwaa hapa, na dawa yake ni kupanda na kushuka kati ya matundu haya mawili polepole, so la ti do, do ti la so, hadi pumzi igeuke yenyewe.

Upande wa kushoto wa tundu la 4 kuna pengo ambalo ni lazima ulijue kabla hujachagua tuni. Utapata ti ya chini kwa kuvuta tundu la 3, na so ya chini kwa kupuliza tundu hilohilo. Lakini la iliyo kati yao haipo, na fa ya chini haipo. Upande wa juu kabisa, baada ya tundu la 7, ti haipo. Mafundi huzipata la na fa za chini kwa kupinda sauti, yaani kubadilisha umbo la kinywa wakati wa kuvuta ili kilimi kishuke. Kazi hiyo huchukua miezi. Anayeanza achague tuni zisizopita kwenye mapengo.

Jambo moja zaidi katika ramani hii ni zawadi kwa mwenye kufikiri: so ya chini inapatikana mahali pawili, kwa kupuliza tundu la 3 na kwa kuvuta tundu la 2. Sauti ni ileile, pumzi ni tofauti. Ukiishiwa hewa unavuta la 2. Ukiwa umejaa unapuliza la 3.

Tuni tatu za kuanzia

Ya kwanza ni Largo ya Antonín Dvořák, kutoka Simfonia yake ya Tisa iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Desemba 1893. Katika okestra tuni hii hupigwa na filimbi nene yenye sauti ya upweke, cor anglais. Sehemu yake ya mwanzo ina sauti nne tu: do, re, mi na so. Inaanza mi, inapanda so mara mbili, inarudi mi, inateremka re hadi do, kisha inapanda tena kupitia re na mi mpaka so na kushuka kupumzika kwenye re. Mzunguko wa pili unaanza vilevile ila unaishia do. Kwenye kinanda hiyo ni tundu la 5 kupuliza, la 6 kupuliza, la 4 kupuliza na kuvuta. Vidole havina kazi yoyote.

Ugumu wake uko kwenye pumzi, na hapa ningependa msomaji akae kidogo. Kati ya sauti hizo nne, tatu ni za kupuliza. Tuni ni ya polepole sana. Ukiipiga bila mpango, utaishiwa hewa kabla ya sentensi kwisha, au utaikata katikati ili uhemee, na Largo iliyokatwa katikati haina maana tena. Basi fanya hivi. Iimbe kwa sauti, ukiweka alama ya pumzi kwenye karatasi kama mnavyofanya kwenye kwaya. Kisha ipige kwa sauti ndogo kuliko unavyotaka, kwa sababu sauti ndogo hutumia hewa kidogo. Kila unapofika re, ambayo ni ya kuvuta, ichukue kama nafasi ya kujaza mapafu bila msikilizaji kujua. Re ya mwisho wa sentensi ni ndefu, itumie yote. Mpiga zeze hufika ncha ya upinde akaugeuza bila wimbo kukatika, na pumzi kwenye kinanda cha mdomo ndiyo upinde wako.

Ya pili ni ile tuni ya furaha iliyo mwishoni mwa Simfonia ya Tisa ya Ludwig van Beethoven, iliyosikika kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, mtunzi mwenyewe akiwa haisikii. Wakristo wengi wanaijua kama tuni ya wimbo wa ibada. Beethoven aliijenga kwa sauti tano zinazofuatana, do hadi so, na kuongeza so ya chini mara moja tu, mwisho wa mstari wa tatu. Inaanza mi mara mbili, inapanda ngazi kwa ngazi mpaka so, inashuka ngazi kwa ngazi mpaka do, kisha inapanda tena mi na kutua re. Mstari wa pili ni uleule, ila unatua do.

Kwa kuwa sauti zake zimepakana, pumzi hugeuka karibu kila noti, puliza, vuta, puliza, kwa hiyo mapafu hayachoki. Kazi yako ni kuzifanya noti ziungane. Usiinue midomo, usikate hewa kwa ulimi. Geuza pumzi tu na usogeze kinanda, kichwa kikitulia. Kwenye so ya chini nashauri tundu la 3 kwa kupuliza, kwa sababu mi inayofuata nayo ni ya kupuliza. Angalia pia mwanzo wa mstari wa nne. Katika vitabu vingi vya nyimbo umenyooshwa, lakini Beethoven aliingiza ile mi pigo moja mapema, kabla mstari wa tatu haujamaliza nafasi yake. Ipige alivyoandika. Wimbo mzima hupata msukumo.

Ya tatu ni wimbo wa kubembeleza mtoto wa Johannes Brahms, wa mwaka 1868. Tuni yote inakaa ndani ya oktava moja, do hadi do, kwa hiyo matundu ya 4 hadi 7 yanaitosha kabisa. Kuna mahali inafika do ya juu na kuteremka ti, la, so: puliza la 7, vuta la 7, vuta la 6, puliza la 6. Mazoezi ya kona ya tundu la 7 yanalipa hapo. Baadaye inaruka kutoka do ya chini hadi do ya juu kwa mkupuo, yaani kutoka tundu la 4 hadi la 7. Usiburuze midomo juu ya matundu yaliyo kati. Acha hewa kwa kitambo kidogo, sogeza kinanda, kisha puliza. Mama mwenye mtoto mgongoni ndiye msikilizaji bora wa zoezi hili. Akilala, umepiga vizuri.

Baada ya hizo, kuna mwanzo wa kolasi ya Haleluya ya George Frideric Handel, kutoka Messiah iliyopigwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, ambayo kwaya nyingi za Tanzania huiimba kwa Kiswahili. Mwito wake wa kwanza ni do ya juu, so, la, so, na unalia vizuri sana matundu ya 7 na 6. Usitarajie kuifuata yote: baada ya hatua chache muziki unahamia ufunguo mwingine, na kinanda cha C hakina sauti zake zote.

Fa yako iko chini kidogo?

Ukipiga pamoja na kinanda cha umeme cha kanisani, unaweza kusikia kwamba sauti fulani hazikubaliani, hasa fa ya tundu la 5 kuvuta. Huenda kinanda chako si kibovu. Vinanda vingi vya mdomo vya mtindo wa zamani viliwekwa sauti ili matundu yakivutwa pamoja yalie kwa utulivu, si ili kila noti ilingane na piano. Ukivuta tundu la 2 hadi la 6 kwa pamoja unapata so, ti, re, fa na la. Katika mtindo huo wa zamani sauti hizo zinafuata mgawanyo wa asili wa uzi unaotetemeka: sehemu ya 4, ya 5, ya 6, ya 7 na ya 9. Ile ya 7 ndiyo fa, nayo kwa asili iko chini ya fa ya piano kwa kiasi ambacho sikio husikia wazi.

Kilimatinde iko Ugogo, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa unaotazama Bahi, na hapa jambo hili lina uzito wa pekee. Watafiti wa muziki, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba sauti za muziki wa Wagogo, katika uimbaji, zeze na marimba, zinatokana na mgawanyo huohuo wa asili, takriban sehemu ya 4 hadi ya 9 au ya 10. Msikilize Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, kisha vuta tundu la 2 hadi la 6 moja baada ya jingine kwenye kinanda cha mtindo wa zamani. Utasikia undugu. Sikio lililolelewa na marimba ya Kigogo linaitambua ile fa ya chini kuwa ni sauti halali, wakati mwanafunzi wa piano anaiona kosa.

Kwa muziki wa klasiki, hata hivyo, ni lazima uchague. Ukipiga peke yako, fa ya asili haina ubaya. Ukipiga na kinanda cha umeme au gitaa, tafuta kinanda cha mdomo kilichowekwa sauti sawasawa na piano. Vya Lee Oskar, vinavyotengenezwa Japan, vimewekwa hivyo. Kipimo ni rahisi: shikilia fa kwenye kinanda cha kanisani, vuta tundu la 5, na usikilize kama sauti mbili zinagombana.

Kitufe cha ubavuni

Für Elise ya Beethoven inaanza kwa kupishanisha mi na sauti iliyo nusu toni chini yake. Sauti hiyo haimo katika ramani niliyoieleza, na kuilazimisha kwenye dayatoniki ni kazi ya mabingwa. Kwenye kromatiki unapuliza mi, kisha unavuta re huku umebonyeza kitufe, na re inapanda nusu toni. Kitufe hicho huipandisha kila noti hivyohivyo, kwa hiyo sauti zote za piano zinapatikana.

Ni kromatiki iliyowafanya watunzi wa okestra wakiheshimu chombo hiki. Mmarekani Larry Adler alianza kwa kusikia tu, bila kusoma nota, na watunzi wakubwa wakamwandikia: Ralph Vaughan Williams alimtungia Romance mwaka 1951, na Malcolm Arnold konseto mwaka 1954. Heitor Villa-Lobos wa Brazil alitunga konseto yake mwaka 1955 kwa ajili ya John Sebastian. Lakini anayenifundisha zaidi ni Tommy Reilly, mzaliwa wa Kanada. Alikuwa Leipzig akisoma fidla vita vilipoanza mwaka 1939, akazuiliwa kambini miaka yote ya vita, na humo kambini akajenga ufundi wake wa kinanda cha mdomo. Mfano aliouiga ulikuwa Jascha Heifetz, mpiga fidla. Alitafuta namna sentensi ya fidla inavyopumua, akaipeleka kwenye vilimi vya shaba. Mwanakwaya anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuwasikiliza waimbaji wake bora wa sauti ya kwanza.

Afya na matunzo

Kinanda cha mdomo hakiazimwi. Mate na hewa ya mapafu huingia ndani yake, na mafua, vidonda vya midomo na maradhi mengine ya kinywa huweza kupita humo. Mwalimu anayefundisha watoto kumi anahitaji vinanda kumi. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende kwanza hospitali akapimwe kifua kikuu, kinanda kitamsubiri.

Sukutua kinywa kabla ya kupiga, hasa baada ya karanga, soda au asali ya Itigi. Chembe ya karanga inatosha kunyamazisha kilimi, na sukari hukifanya kinate. Ukimaliza, kigonge taratibu kiganjani, matundu yakitazama chini, ili mate yatoke, kisha kiache kikauke kabla ya kukifunga kwenye boksi lake. Kiangazi vumbi la Manyoni huingia kila mahali, kwa hiyo usikitembeze mfukoni bila boksi. Chenye mwili wa plastiki kinaweza kusuuzwa kwa maji ya uvuguvugu; cha mbao usikilowanishe, kitavimba. Noti ikikwama, fungua bati la nje kwa bisibisi ndogo, tafuta uchafu au unywele, na uusogeze juu ya kilimi kwa kijiti chembamba kuelekea ncha yake iliyo huru, kamwe si kwa nguvu.

Ukiwa tayari kupiga na kwaya

Mwulize mwalimu wa kwaya wimbo unaimbwa ufunguo gani. Kinanda cha C kinapiga vizuri ufunguo wa C tu. Kwenye F utakosa nusu toni moja katikati ya ramani yako, na kwenye G vilevile. Kama kinanda cha kanisani ni cha umeme, mara nyingi kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, na mpigaji anaweza kuwashusha au kuwapandisha wote hadi C, mradi waimbaji wa sauti ya kwanza na besi wasiumie. Kama haiwezekani, nunua kinanda cha pili cha ufunguo ambao kwaya yenu huutumia zaidi. Ramani ya matundu haibadiliki: tundu la 4 kupuliza linabaki do.

Mara ya kwanza usipige pamoja na waimbaji wote, maana watakufunika. Omba upige tuni peke yako kabla ya ubeti wa kwanza, wao wakisubiri, kisha unyamaze waingie.